Nilitoa ushuhuda wa uponyaji, na mgongo bado unauma

*Barua*

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Morogoro, naendesha bodaboda. Nakuandikia wewe kwa sababu huku kwetu kila mtu ambaye ningeweza kumuuliza alikuwepo siku ile.

Mwaka jana mwezi wa kumi niliteleza kwenye matope, pikipiki ikanilalia. Sikuvunjika, ila mgongo uliumia. Hospitali wakanipa vidonge na mkanda, wakaniambia nikae miezi sita bila kupanda pikipiki. Miezi sita bila kupeleka hesabu kwa bosi maana yake pikipiki anapewa mwingine. Nikawa natembea kwa fimbo, na siku nilizojisikia nafuu naendesha.

Mwezi wa tatu kanisani kwetu tulikuwa na mkesha. Kama saa tisa usiku mchungaji akasema yupo kijana mwenye fimbo, na Mungu anaitaka hiyo fimbo madhabahuni. Fimbo ilikuwa moja kanisa zima. Nikaenda. Waliponiwekea mikono nilisikia joto kutoka shingoni mpaka kiunoni. Hapa sikudanganyi, Mwalimu. Maumivu yalikata kabisa. Nikaitupa fimbo, nikaruka, watu wakaruka na mimi. Jumapili nikapewa maiki, nikainama mbele ya kanisa nikagusa vidole vya miguu. Mama yangu alilala sakafuni akilia. Fimbo ikatundikwa ukutani pembeni ya madhabahu, na mpaka leo ipo pale.

Jumanne asubuhi nilishindwa kuvaa soksi.

Nilimweleza mzee mmoja wa kanisa. Akaniambia shetani anataka kuniibia uponyaji wangu, nisiyakiri maumivu, nikiri uponyaji. Akanisomea Waebrania 11:1, kwamba imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza "mgongo vipi?" najibu "Mungu ni mwema." Vidonge vya maumivu nanunua duka la dawa la mbali, navificha ndani ya kopo la majani ya chai.

Kilichonitia hofu ni bibi mmoja jirani yetu, mgonjwa wa presha wa siku nyingi. Wiki iliyopita nilimsikia akimwambia mama kwamba ameacha dawa zake. Alisema, "Kama Mungu kamwinua kijana huyu, mimi ni nani niendelee kumeza vidonge?" Mama akasema amina. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kiuno.

Mwezi ujao kuna mkutano mkubwa wa injili, na wanataka nikashuhudie tena nikiwa na ile fimbo. Naomba uniambie mambo matatu. Je, nilidanganya, au nilikosa imani? Nikisema ukweli sitabomoa imani za watu ambao hawana kosa? Na la mwisho silisemi kwa mtu: siku hizi nikisali najiona kama naongea na dari. Je, hata yule Mungu wa usiku ule hakuwepo?

Mwenye fimbo, Morogoro

*Jibu*

Marahaba, mwanangu.

Maswali yako ni makubwa na tutayafikia, lakini bibi hawezi kusubiri tuyamalize. Ukimaliza kusoma aya hii, nenda kwake. Hata kama ni usiku, gonga. Chukua lile kopo la majani ya chai, mimina vidonge vyako mezani, mwambie: "Bibi, mgongo wangu bado unauma, na hivi ndivyo ninavyomeza." Usianze kwa maelezo marefu ya imani, maana atakushinda; ameyasikia mengi kuliko wewe. Mwache aone vidonge. Kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya na daftari lake la kliniki apimwe, wao ndio waseme aanzie wapi. Asije akameza kwa pamoja vile alivyoviruka.

Nakuharakisha kwa sababu presha kwa kawaida haiumi. Mgongo wako ulikuumbua siku ya tatu, kwa soksi. Presha haina soksi. Inaweza kupanda miezi mizima mtu anachota maji na kuimba kwaya, na siku anapoijua ni siku mdomo unapokwenda upande.

Umeshakwenda? Haya, tukae.

Nadhani najua kwa nini uliniandikia mimi. Mimi ni Mwislamu, sitakutana nawe kwenye ibada wala sina cheo kanisani kwenu. Hukukosea. Ila nimefundisha miaka mingi katika shule ya misheni, na Biblia nimeisikia kila asubuhi mstarini, kwa hiyo usishangae nikikurudisha humo humo.

Unauliza kama ulidanganya. Tugawe siku. Usiku wa mkesha hukudanganya. Mwili wa binadamu unaweza kuyafunika maumivu yake wenyewe moyo ukiwa umepandishwa juu. Daktari mmoja Mmarekani, Henry Beecher, alihudumia askari Italia wakati wa Vita Kuu ya Pili, akashangaa kuona watu waliochanwa vibaya na mabomu wakisema hawahitaji dawa ya maumivu. Majeraha yalikuwepo, damu ilikuwepo. Lakini mtu ametoka mstari wa mbele akiwa hai, sasa yuko mikononi mwa madaktari, huenda anarudishwa nyumbani. Akili ina habari kubwa kuliko kidonda. Wewe saa tisa usiku, ngoma zinapigwa, umeitwa wewe kati ya mamia, ulikuwa na habari kubwa kuliko mgongo. Joto ulilolisikia lilikuwa joto kweli. Kama Mungu alikuwa ndani yake sitakubishia, na sitakuthibitishia pia.

Jumapili nayo hukudanganya. Ulisema ulichokiamini.

Uongo ulianza Jumanne, na ulianza kwa maneno mazuri kabisa: "Mungu ni mwema." Augustino, askofu wa Hipo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, aliandika juu ya uongo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kwake mwongo ni mtu mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni. Hapo unaona kwamba mtu anaweza kudanganya kwa sentensi ya kweli. Mungu ni mwema, sawa, lakini swali lilihusu mgongo. Na Augustino hakuandika kwa ajili ya walevi wa vilabuni. Aliwaandikia pia Wakristo waliotaka kudanganya kwa faida ya dini, na akakataa katakata. Sababu yake ina akili ya kawaida tu: mwalimu wa dini akiruhusiwa uongo mmoja wenye nia njema, msikilizaji atajuaje ni mahali gani pengine ameutumia?

Sasa mzee wako wa kanisa. Simwoni kama mtu mbaya. Amekupa dawa aliyopewa na yeye. Lakini ule mstari ameusoma haraka. "Mambo yatarajiwayo" ni mambo ambayo hayajafika. Abiria anayesubiri basi la Dodoma ana tarajio, huenda na tiketi anayo, lakini akimpigia mkewe simu kusema "nimeshafika" ilhali amekaa stendi ya Morogoro, hiyo haiitwi imani. Na mngeendelea kusoma sura hiyo hiyo mpaka mstari wa 13 mngekuta mwandishi akisema hao mashujaa wote aliowataja walikufa katika imani bila kuzipokea zile ahadi. Waliziona kwa mbali. Hakuna aliyelazimishwa kusema amepokea.

Nikuambie la kwangu, maana si haki nikuhukumu nikiwa kivulini.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Wewe ulikuwa mdogo, lakini utakuwa unakumbuka neno "kikombe". Kisukari, presha, pumu, ukimwi, kansa, vyote kikombe kimoja. Walikwenda masikini na walikwenda mawaziri. Wenye uwezo walitua kwa helikopta. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kisukari cha miaka tisa, na alikuwa mtu wa swala tano. Alisema, "Mume wangu, dawa haina dini." Tukatoka Tanga, tukapita Arusha, Mto wa Mbu, Engaruka, tukalifuata vumbi kandokando ya Ziwa Natron, tukalala ndani ya gari kwenye foleni usiku tatu. Nilikunywa na mimi nisiye na ugonjwa, kwa kuwa nilishafika.

Kurudi, akasema anajiona mwepesi. Nami nikasema naam, hata uso umenawiri. Akaacha dawa. Wiki ya pili asubuhi nikampima kwa ile mashine ndogo ya sukari. Ikasoma 17.4. Mtu mzima wa afya kabla ya kula hucheza kwenye nne, tano. Nikaitazama ile namba nikasema: "Betri imeisha." Mimi ndiye niliyesema, mwalimu wa fizikia. Nikaenda dukani nikanunua betri mpya. Ikasoma 17.8. Nikaanza kuzilaumu betri za siku hizi. Ndipo mke wangu, ambaye hakupita darasa la saba, akaniuliza: "Baba, betri ikiisha si inazimika? Hii mbona inaandika?"

Alirudi kwenye dawa siku hiyo hiyo, akaishi miaka minane zaidi. Baadaye aliniambia alikuwa na kiu na kizunguzungu tangu siku ya nne. Alinyamaza kwa sababu aliniona nimefurahi. Nami niliyaona macho yake yamechoka, nikanyamaza kwa sababu nilimwona amefurahi. Yule mzee wa Samunge hakuwepo chumbani mwetu. Tulikuwa wawili tu, tunadanganyana kwa mapenzi.

Kwa hiyo ninapokuambia uongo wako ulianza Jumanne, jua unaambiwa na nani.

Jambo la watu wengi kunyamaza pamoja limechunguzwa. Mwaka 1951 huko Marekani mwanasaikolojia Solomon Asch aliwakalisha vijana wa chuo pamoja, akawaonyesha mistari kwenye kadi, wataje upi unalingana na upi. Kazi ya mtoto. Ila wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa wajibu vibaya kwa sauti moja. Yule mmoja, macho anayo, anaona, na bado karibu robo tatu ya waliowekwa kwenye kiti hicho walifuata jibu la uongo la wenzao angalau mara moja. Mimi lakini ninachokipenda kwenye utafiti ule ni sehemu ambayo watu huisahau. Asch alipomweka pale mtu mmoja tu wa kusema jibu sahihi, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja tu alitosha.

Sasa jiulize, kwenye kanisa lile kuna makopo mangapi ya majani ya chai? Unaogopa utabomoa imani za wasio na kosa. Huenda wapo wanaosubiri mtu mmoja ataje mstari wake.

Na huna haja ya kubuni maneno. Injili ya Marko sura ya 8 ina habari ya kipofu wa Bethsaida, ambayo wahubiri huipita mbio, nadhani kwa sababu inawapa tabu. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate ya macho, anamwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Simama hapo. Aliyemuuliza ni nani? Aliyeko mbele yake ni nani? Yule kipofu alikuwa na kila sababu ya kusema "nimepona!" Lakini alijibu: "Naona watu kama miti, inakwenda." Yaani naona, ila siyo sawasawa. Hakuambiwa asiukiri upofu. Hakukaripiwa. Aliwekewa mikono mara ya pili. Angejibu ulivyojibu wewe, angerudi kijijini akigongana na watu, na fimbo yake imetundikwa ukutani.

Huo ndio ushuhuda ulio nao: usiku ule maumivu yalikata, siku ya tatu yakarudi, natumia dawa, naomba mniombee. Kila neno ni kweli, likiwemo la kwanza.

Hapa nikuulize jambo utakalolichukia. Ukiacha hofu ya kumwaibisha Mungu, maiki hukuipenda? Kijana wa bodaboda ambaye jana alikuwa anafokewa na trafiki, leo kanisa zima linamtazama akigusa vidole vya miguu. Usione haya, umeumbwa hivyo na mimi nimeumbwa hivyo. Imamu Ghazali, mwanazuoni ambaye jina lake hata leo linatajwa madarasani huku pwani, alikuwa mwalimu mkubwa kuliko wote Baghdad, mamia ya wanafunzi miguuni pake. Mwenyewe anasimulia kwamba alipoichunguza nia yake akakuta anafundisha kwa kutafuta jina. Karibu miezi sita alivutana na nafsi. Mwisho ulimi ukafunga. Akikaa kufundisha neno halitoki, chakula hakipiti, na waganga wakasema ugonjwa umetokea moyoni. Mwaka 1095 akaacha cheo akaondoka. Na ajabu yake, hata kuondoka hakuondoka wazi: alitangaza anakwenda Makka huku moyoni anakwenda Sham, yaani Syria, akiogopa khalifa na marafiki wasimzuie. Mtu anayeikimbia hila ya nafsi yake, bado anakimbia kwa hila, na baadaye anayaandika yote mwenyewe. Kwa ajili hiyo namwamini kuliko wengi ambao habari zao zimenyooka.

Mpango wenyewe, basi. Bibi umeshamwendea. Kesho jioni mama yako. Utakuta anajua, au anajua nusu. Hakuna mama asiyesikia mwanawe anavyoamka kitandani chumba cha pili. Kisha mchungaji, kabla ya Jumapili, faraghani, wewe na yeye, siyo kwenye grupu la WhatsApp wala kwa kupitia yule mzee. Mwambie habari ya bibi kwanza, halafu ya mgongo. Mpe nafasi ya kuwa mchungaji. Huenda na yeye ana usiku wake wa kutazama dari. Mwombe ushuhuda wako wa pili usemwe mahali ulipotolewa wa kwanza, kwa sababu waliousikia wa kwanza ni walewale wenye presha na sukari. Akikukubalia, mshukuru. Akikuambia unyamaze kwa ajili ya kazi ya Mungu, basi ule mkutano wa mwezi ujao usiende, na waliokaa nawe benchi moja waambie mmoja mmoja. Utaitwa aliyerudi nyuma. Itauma, siwezi kukudanganya hapa tulipofika.

Na fimbo iombe. Unaihitaji. Pikipiki tafuta deiwaka wa kuaminika mgawane hesabu, bosi aelezwe, maana mgongo unaoendeshwa kutwa juu ya matuta na kutulizwa kwa vidonge vya kujificha utakuja kukudai. Rudi hospitali, uliza kama kuna mazoezi ya viungo.

Limebaki la dari. Nimelikwepa mpaka hapa kwa sababu sina jibu la kukupa kwenye barua, na anayekupa haraka muogope. Nitakuambia tu nilichokiona kwangu. Zile wiki mbili za betri nilikuwa naswali kama kawaida, na dua zangu zilikuwa zinagonga dari kama zako. Nilikuwa nasema "mponye" huku najua siwezi kumaliza na kusema "naona hajapona," kwa sababu hilo la pili nilikuwa nimelifungia hata mbele yake Yeye. Mtu akificha kopo kwa mama yake na kwa mchungaji, nadhani hulificha na kwenye sala. Jaribu usiku mmoja kusali ukiwa umelishika mkononi. Useme huo mgongo kama ulivyo, na hasira kama ipo. Sikuahidi utasikia joto.

Ukimpeleka bibi, niandikie zile namba mbili zilizosomeka, ya juu na ya chini.

Mwalimu